Bi Mifano na Mstari Mmoja wa Uroho

Ofisini kwetu hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Bi Mifano, basi. Hata mfanyakazi mpya, siku ya kwanza kazini, aliambiwa, "Choo kiko kule, chai iko pale, na yule ni Bi Mifano, usimsemeshe akiwa anatazama dari."

Kazi yake ilikuwa kutunga mifano ya kamusi. Ukifungua kamusi ya shule ya Kiingereza na Kiswahili, ile yetu yenye jalada la kijani, utakuta neno, utakuta maana, kisha sentensi fupi ya kuonyesha neno hilo linavyotumika. Watu wengi hudhani sentensi zile huota zenyewe kama uyoga. Hapana. Kuna mtu anaketi mezani na kuzitoa kichwani moja moja, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, akimaliza neno hili anahamia linalofuata, na wala hakuna anayemjua. Mtu huyo alikuwa yeye. Mimi nilikuwa mpanga kurasa, kazi yangu kuzipanga zile sentensi zienee kwenye safu. Meza zetu zilitazamana kwa miaka na mikaka, kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuyasikia mitaani.

Tulikuwa na vyumba vitatu juu ya duka la magodoro. Ngazi zilinuka sponji mpya, feni ilizunguka kwa kulalamika, na mhariri wetu alikaa chumba cha ndani mlango ukiwa wazi ili atusikie tukipiga soga. Tulipiga soga kweli. Na humo ndimo mifano ilimotoka. Mtu akija na kisa cha jirani yake kuibiwa viatu msikitini au kanisani, kesho yake kisa kile kiko kwenye neno linalomaanisha "kukosa". Paka wa mlinzi yumo kwenye kamusi mara nyingi kuliko mlinzi mwenyewe. Mke wangu naye yumo. Siku moja Bi Mifano alikwama kwenye neno la kucheka, akaniuliza, "Mdogo wangu, mkeo anachekaje?" Nikamwambia kwamba akikasirika sana ndipo anapocheka. Akaandika: "Mke wangu hucheka akikasirika." Mke wangu ameshafariki. Sentensi bado inasema hucheka, na mimi sijaigusa.

Ila Bi Mifano mwenyewe, ukimsoma kwenye kamusi, ungedhani ana nyumba iliyojaa watu. Watoto wanarudi kutoka shule, shemeji analeta kuku, mume amesahau mwavuli tena. Nikamtania, "Huyu mume wako wa mwavuli, mbona unamsamehe kila herufi?" Akanijibu bila kuinua macho, "Ndiye niliyenaye." Hakuwahi kuolewa. Mchana alikula peke yake akiangalia dirishani, chakula chake kwenye kibakuli chenye kifuniko, na akimaliza alikikunjia kitambaa vizuri kana kwamba kuna mtu atakayemkagua. Sikio lake moja lilikuwa zito, kwa hiyo simu yake aliipokea kwa spika, na ofisi nzima ilijua nani anamtafuta. Waliomtafuta walikuwa watu wa duka la dawa na watu wa maji. Zamani kidogo, alikuwepo pia mdogo wake.

Huyo mdogo wake alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika mji mwingine, safari ya siku nzima. Tulimwita Mwalimu, maana Bi Mifano mwenyewe ndivyo alivyomtaja: "Mwalimu kapiga simu." Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Baba yao, fundi seremala, alikufa wakiwa wadogo, akawaachia kitanda kikubwa cha mbao ngumu alichokichonga mwenyewe, na mama yao akalala humo maisha yake yote. Mama aliishi na Bi Mifano, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Alimpenda mama yake. Nitakayoyasema mbele yasikufanye usahau hilo. Alimwogesha, alimsuka nywele, alimpikia uji wa saa hizi na supu ya saa zile. Lakini alimpenda hadi akawa hampi mtu mwingine nafasi. Majirani wakija kumjulia hali mama, wanaambiwa amelala. Mwalimu akija likizo, anakuta ratiba: saa ya kuongea na mama, saa ya kumwacha mama apumzike. Mara mbili tatu Mwalimu aliomba amchukue mama akae naye kidogo, mama abadilishe hewa. Bi Mifano alisema mama hawezi safari. Mama mwenyewe alikuwa akizunguka nyumba na fimbo yake, anafagia hadi barazani.

Mwishowe mama ndiye aliyesema. Bi Mifano alinisimulia miaka mingi baadaye, akinitazama usoni, jambo ambalo si kawaida yake. Mama alimwambia, "Mwanangu, nimechoka kulindwa. Nataka kwenda kwa mwenzio." Akashika fimbo, akakaa mlangoni, hataki tena uji.

Mwalimu akaja na gari dogo la mizigo, la kukodi. Walipakia sanduku, walipakia redio, walipakia mto wa mama. Walipofika kwenye kitanda, Bi Mifano akasimama katikati ya mlango wa chumba akashika miimo kwa mikono miwili. Alisema, "Mama mnamchukua. Kitanda hakitoki." Mwalimu alidhani ni hasira za kupita. Dereva akapiga honi. Mama akasema kutoka garini, "Mwache nacho, twende." Wakaondoka. Kule alikofika, mama alilala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, mgongo wake ule wa kizee, mpaka Mwalimu alipopata cha kununulia kitanda kingine. Bi Mifano alijua. Aliambiwa kwa simu, kwa spika, nasi tukasikia, tukajifanya tunatafuta kalamu.

Sasa, sisi tulikuwa tunaandika kamusi kwa kufuata herufi. Ugomvi ule ungetokea tukiwa herufi T, labda leo nisingekuwa na kisa. Ulitokea tukiwa G. Jumatatu yake Bi Mifano akaingia kazini, uso umemvimba, akaketi, na neno lililokuwa linamsubiri mezani lilikuwa "greedy".

Mhariri alitaka maana moja tu, mlafi, tusonge mbele. Bi Mifano akamkatalia. Alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa maana za maneno. "Bosi," alisema, "mlafi ni wa sahani. Ukimwondolea sahani, hana ugomvi na mtu. Hili neno la Kiingereza linakwenda mpaka moyoni. Ni mtu anayetaka kupita haja yake, iwe nyama, iwe cheo, iwe kusifiwa. Huyo kwetu ni mroho, au mwenye tamaa."

"Na mchoyo?" mhariri akauliza kutoka ndani.

"Mchoyo ni mwingine. Mchoyo tayari anacho, hatoi. Mroho bado anavuta. Waingereza wana neno jingine la mchoyo, usiwachanganye watoto."

"Hakuna mtu mwenye yote mawili?"

Bi Mifano akachukua kalamu. Akaweka ulafi nambari moja, uroho nambari mbili, kisha chini yake akaongeza kwamba neno hilo hutumika pia kwa mtu anayetaka kupendwa yeye tu, asigawane na wenzake. Kwenye maana hiyo ya tatu ndipo alipoandika mfano. Nilikuja kuupanga jioni ile: "Mdogo wangu ni mroho, amemchukua mama, ameniachia kitanda kitupu." Nilimtazama. Alikuwa ameshafika neno linalomaanisha kijani, anatafuta kitu cha kijani cha kuandika.

Ningeweza kusema kitu. Mhariri naye aliuona, akasema mfano huo una damu, tofauti na ile mifano mingine ya mpira na kalamu, akaupitisha. Kamusi ikachapwa, ikapelekwa mashuleni, na sisi tukala keki.

Ilichukua muda. Kisha mchana mmoja simu ya Bi Mifano ikaita, na sauti ya Mwalimu ikajaa chumba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Mama hajambo. Dada, leo kamusi zenu zimefika shuleni. Nimewapa darasa la tatu wazifungue. Nikamwita mmoja asome mbele ya wenzake neno analolitaka. Akachagua neno la uroho, unajua watoto. Akasoma maana ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasoma na mfano."

Feni ilikuwa ikizunguka. Hakuna aliyejifanya anatafuta kalamu.

"Darasa limecheka sana," Mwalimu akasema. "Wakaniuliza, mwalimu, huyo mdogo wake alimchukuaje mama? Nikawaambia ni mfano tu. Nimewaambia ni mfano mzuri, unaeleweka. Haya, dada. Kazi njema."

Akakata. Bi Mifano akabaki ameshika simu mbele ya uso wake kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Tangu siku hiyo Mwalimu hakupiga tena. Bi Mifano naye hakupiga, kwanza kwa kiburi, halafu kwa aibu, na mwisho kwa sababu ukishazoea kutopiga, kidole chenyewe kinakuwa kizito.

Simu iliyofuata ilikuwa ya kifo cha mama. Alipanda basi la kwanza, akafika nyumba imejaa watu asiowajua, na mama ameshazikwa. Mwalimu alikuwa mlangoni akipokea wageni. Hakumwamkia. Alimwambia, "Karibu, mgeni," akampisha, akamwonyesha kiti kando ya wake wa walimu. Bi Mifano alikaa pale mpaka jioni akipewa pole na watu waliomwuliza, "Na wewe marehemu alikuwa nani yako?" Alirudi akaingia kazini kesho yake. Tulikuwa herufi nyingine kabisa, toleo jingine la kamusi ndogo. Aliandika mifano safi tu, ya mvua na madaraja.

Nilichokuwa sijui wakati huo, na nilikuja kukijua baadaye, ni kwamba kile kitanda alikuwa akikitandika kila asubuhi. Yeye alilala kwenye kitanda chembamba chumba cha mbele. Kitanda cha mama kilikaa na shuka safi na mto mpya, na hakuna aliyekilalia.

Miaka ikapita namna hiyo. Bi Mifano akakaribia kustaafu, na mimi nikawa mjane nikijifunza kukaanga yai. Ndipo likaja agizo la kutoa toleo jipya la kamusi ya kijani. Mhariri akatukusanya. Maneno mapya ya simu na kompyuta yataingia mwishoni, alisema, lakini kurasa za zamani zibaki kama zilivyo. Hakuna muda wala karatasi. "Mifano isiguswe. Makosa ya chapa tu."

Bi Mifano akainua mkono kama mwanafunzi. "Kuna mmoja una kosa."

"Upi?"

"Herufi G."

Mhariri hakuwa mtu mbaya. Alikuwepo siku ya ile simu. Alijikuna kidevu, akasema, "Badilisha. Lakini ukizidi mstari ukausukuma wa chini, ukurasa wote unaharibika na nitaurudisha wa zamani. Sitaki tena maneno." Akanitazama mimi. "Wewe utapima."

Basi tukaanza. Siku ya kwanza alinipa sentensi kuhusu mbuzi: mbuzi mroho alitafuna kamba yake. Ikatosha kwenye mstari, imebaki nafasi. Nikamrudishia.

"Inatosha au haitoshi?" akauliza.

"Inatosha. Lakini mbuzi kakukosea nini?"

Akachukia. Siku iliyofuata akaleta mfalme mroho. Baadaye tajiri mroho. Kila siku alimsingizia mtu mwingine, na mimi kila siku nilisema inatosha kwenye mstari na siipangi. Hasira zilinipanda kweli. Nilikuwa nimetoka nyumbani kwangu ambako hakuna anayeniuliza nimerudi saa ngapi, na hapa kuna mtu ana ndugu yuko hai, anapumua, ana namba ya simu, naye ananiletea mbuzi. Nikamtolea uvivu. "Bi Mifano, wale watoto walimcheka mdogo wako. Leo unataka wamcheke mbuzi. Wewe uko wapi hapo?"

Aliondoka mapema siku ile. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Kesho yake alikuja na karatasi iliyokunjwa, akaiweka mezani kwangu, akaenda kusimama dirishani. Ilisema: "Nilikuwa mroho, nilimtaka mama awe wangu, nikamnyima hata kitanda."

Nikaipima. Ikazidi. Neno la mwisho liliangukia mstari wa chini, na ukurasa wote ukasogea.

"Imezidi," nikasema, na sikupenda kusema.

Akaja, akainama juu ya bega langu, akasoma kwa muda mrefu sentensi yake mwenyewe. "Toa 'hata'," alisema. "Hiyo 'hata' inaomba huruma."

Nikaitoa. Ikakaa. "Nilikuwa mroho, nilimtaka mama awe wangu, nikamnyima kitanda." Kiingereza chake nacho kikatosha kwenye safu yake. Akarudi kuketi, akafungua kibakuli chake wakati mchana haujafika, akala akinitazama mimi badala ya dirisha. Ilikuwa mara ya kwanza.

Kamusi mpya ikatoka. Bi Mifano akastaafu wiki hiyo hiyo. Tulimpa saa ya ukutani, mhariri akasema maneno mazuri yaliyoanza na herufi A mpaka alipochoka, na yeye akashuka zile ngazi za harufu ya sponji akiwa amekumbatia saa yake. Meza yake ikabaki mbele yangu bila mtu. Sikujua kwamba meza inaweza kumchosha mtu macho kiasi kile.

Jumamosi moja nikaenda kumwona. Nilimchukulia nakala yake ya kamusi, maana siku ya kuaga waligawa zikaisha, yeye mwenyewe akakosa. Anaishi ghorofa ya kwanza, vyumba viwili na jiko, korido yenye balbu moja. Alifungua mlango upesi mno, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma yake.

"Ni wewe," akasema. Hakusema kwa ubaya, ila niliona uso ukishuka.

"Ulikuwa unamtarajia nani?"

Akanikaribisha, akanipa chai. Simu yake ilikuwa katikati ya meza, juu ya kitambaa kilichofumwa, imewekwa chaji ingawa imejaa. Saa tuliyompa ilikuwa bado kwenye boksi. Nikauliza mbona hajaitundika. Akasema haihitaji, hakuna anayekuja wala mahali pa kuchelewa.

"Mwalimu hajapiga?" nikauliza.

"Bado. Labda shule zao hazijapelekewa."

"Ulimpelekea nakala?"

"Zinapelekwa mashuleni."

"Na yeye bado anafundisha?"

Akageuza kikombe chake, mkono wa kikombe ukaenda kulia, ukarudi kushoto. Hakujua. Ndugu yake wa tumbo moja, hakujua kama bado anasimama mbele ya darasa au na yeye kapewa saa ya ukutani. Hapo roho iliniuma na hasira zikanipanda kwa pamoja, na mimi zikija pamoja huwa sisemi vizuri.

"Dada," nilimwambia, na sikuwahi kumwita hivyo kabla, "unamwomba mdogo wako msamaha kupitia watoto wa watu. Siku hizi watoto wenyewe wanatafuta maneno kwenye simu. Ile ya kwanza ilisomwa kwa bahati mbaya. Hii unataka isomwe kwa bahati nzuri. Na isiposomwa?"

"Nimeshaandika," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi najua kuandika. Kusema siwezi. Nimejaribu. Nashika simu, ulimi unakuwa gogo."

"Basi soma."

Akanitazama. Nikaitoa kamusi kwenye mfuko, nikaifungua herufi G, nikaiweka mbele yake. Nikabonyeza jina la Mwalimu kwenye simu yake kabla hajapata nafasi ya kunizuia. Lilikuwa la pili kwenye orodha, chini ya duka la dawa. Simu ikaita kwa spika, sauti ile ikazunguka chumba. Iliita sana. Nilishaanza kutunga maneno ya kumfariji.

"Halo? Nani?"

Bi Mifano akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikamwekea kidole kwenye mstari. Akavaa miwani. Akaanza kusoma, kwa sauti ile kavu ya kamusi, kama anasoma ofisini ili mhariri aliye ndani asikie.

"Greedy. Kivumishi. Moja, mlafi. Mbili, mroho, mwenye tamaa. Tatu, anayetaka kupendwa yeye tu, asigawane na wenzake." Akavuta pumzi. "Mfano. Nilikuwa mroho, nilimtaka mama awe wangu, nikamnyima kitanda."

Kwa nyuma tulisikia mtu akiburuta kiti kule kwa Mwalimu, kisha tukasikia kiti kikibeba mtu.

"Hiyo imechapwa?" Mwalimu akauliza.

"Imechapwa."

"Soma tena."

Akasoma tena. Safari hii sauti haikuwa ya kamusi. Ilikatika kwenye neno mama, akarudia kutoka mwanzo, akaimaliza.

"Dada," Mwalimu akasema, "na mimi nikwambie. Mama hakufa ghafla. Alianza kuzidiwa siku mbili kabla. Daktari aliniambia niite ndugu. Mama alikuulizia. Aliuliza, mwenzio yuko njiani? Nikamwambia yuko njiani. Na sikuwa nimekupigia. Nilitaka awe wangu mpaka mwisho, kwa sababu ya ile sentensi yako. Nilikupigia ilipobaki kazi ya kuzika. Umekuwa ukidhani ulichelewa. Hukuchelewa. Nilikuchelewesha."

Bi Mifano alishika ukingo wa meza. Nilimwona anazeeka pale pale, kisha nikamwona anajikaza. Nilidhani atakata simu, na nisingemlaumu. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye kola ya gauni na hakuyafuta.

"Aliniulizia?" alisema mwishowe.

"Alikuulizia."

"Alilala chini kwa sababu yangu."

"Alilala chini. Na hakukusema vibaya hata siku moja. Mimi ndiye niliyekusema. Yeye alikuwa anasema, mwacheni nacho, ana mazoea nacho."

Nje ya dirisha kulikuwa na mtu anagonga bomba. Nilikuwa nimekaa katikati ya ndugu wawili kama mzigo, nikitazama chai yangu.

"Unacho bado?" Mwalimu akauliza.

"Ninacho."

"Nani anakilalia?"

"Hakuna."

"Miaka yote hii?"

"Nakitandika tu. Kila asubuhi."

Tukasikia Mwalimu anapenga kamasi. "Mimi nimestaafu mapema, tangu mwaka juzi," alisema. "Nyumba yangu iko kimya mpaka nasikia friji. Nitakuja. Nitakilalia mimi. Usinipangie ratiba."

"Sikupangii," Bi Mifano akasema.

"Haya." Sauti ikasogea mbali na simu, kisha ikarudi karibu sana. "Nilisahau. Shikamoo, dada."

Bi Mifano akainyakua simu kujibu. Alipopata sauti, simu ilishakatwa, kioo kimezima. Akaijibu hivyo hivyo, ile simu iliyozima, akiwa ameishika kwa mikono miwili. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mdogo wangu."

Akavua miwani, akaifuta, akainuka. Kupitia mlango wa chumba cha ndani nilikiona kitanda kwa mara ya kwanza, kikubwa, cheusi kwa uzee, shuka limevutwa halina kunjo, mto mmoja katikati.

"Nenda nyumbani, mdogo wangu," aliniambia, na alikuwa ameshafika kitandani, ameshaanza kulivuta lile shuka kwa pembe. "Nina kazi ya kutandua."